Anayengoja Baada ya Salama

Maneno ya Mama Jenifa kwa niaba ya akina mama wa Busalanda, siku ya kumuaga Muuguzi Mkunga Euphrasia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Katibu Tawala wa Wilaya yetu, Mheshimiwa Diwani, Mganga Mkuu na wataalamu wote mliofuatana naye, Baba Paroko, na wewe Shehe wetu uliyetoka kule machimboni na vumbi lote hili, Mwenyekiti wa Kijiji na wazee wetu, ambao nimeshawaamkia tangu asubuhi lakini naileta tena, shikamooni, ndugu wageni waalikwa, wachimbaji mlioacha maduara yenu, mashimo ya kuchimbia, leo mkaja kukaa nasi, akina mama wenzangu, na wewe ambaye sote tumekusanyika kwa ajili yako, Nesi wetu, Mama Euphrasia: mwangaluka!

Naona wameitikia hata wageni wa mjini. Basi moyo wangu umerudi kidogo mahali pake.

Mimi naitwa Generoza, ingawa wengi mnanijua kwa jina la Mama Jenifa. Shule niliishia darasa la nne, baba alipohama na ng'ombe wake, nasi tukahama na ng'ombe. Kusimama mbele ya watu namna hii sijazoea. Niliwauliza akina mama, kwa nini mimi? Paskazia akanijibu bila hata kunionea huruma: "Kwa sababu wewe unaogopa kila kitu, Mama Jenifa. Wakikuona wewe umesimama, watajua jambo ni kubwa."

Na jambo ni kubwa kweli. Leo tunafanya mawili kwa mkupuo mmoja. Tunamuaga Nesi wetu anayestaafu, na Mgeni Rasmi atakizindua rasmi kile kishikwambi chenye akili mnemba, ambacho kimekuwa kikifanyiwa majaribio kwenye zahanati yetu. Mnaondoa mtu mmoja, mnaweka kitu kimoja. Kisimani na kwenye mashine ya kusaga kuna maneno yanazunguka, kwamba kwa kuwa kifaa kimekuja na kinajua kila kitu, mkunga mwingine hatutaletewa. Sijui kama ni kweli. Sikuja kulaumu mtu. Nimekuja kusema tulichokiona kwa macho yetu, ili anayeamua aamue akiwa ametusikia na sisi.

Niseme mapema, maana najua mtu wa kijijini akishika kipaza sauti akataja mitambo, watu wanajiandaa kucheka: mimi sikipingi kile kifaa. Mtaona mbele kwamba nina deni nacho la maisha.

Kilipoletwa, ndugu zangu, tulikuwa tunavuna karanga. Charles, mhudumu wetu wa zahanati, alikiweka mezani akakiegemeza kwenye kopo la pamba, akasema, "Akina mama, hiki kinasikia na kinaongea, na mambo ya wajawazito kinayajua kuliko mtu yeyote. Sogeeni mkisalimie." Aliyesogea wa kwanza ni Bibi Kudra, kwa sababu Bibi Kudra haogopi hata chatu. Akakaa, akatengeneza khanga yake. Kifaa kikamwambia, kwa sauti ya msichana mzuri kabisa, "Habari yako?"

Bibi Kudra akageuka akatutazama sote. "Huyu mtoto wa nani?"

"Si mtoto, Bibi, ni mashine."

"Hata ya kusaga ni mashine, haijawahi kunivunjia heshima. Habari yako, mimi? Mimi rika lake?" Akanyanyuka akaenda zake.

Charles alipiga simu kwa vijana waliokitengeneza, na wale vijana, tuwasifu, walisikiliza. Haikupita muda kifaa kikawa kimefundishwa shikamoo. Tatizo ni kwamba sasa kikawa kinamwamkia kila mtu. Watoto wakitoka shule wanapitia dirishani, "Hodi!" Kifaa kinasema, "Shikamoo." Nao, "Marahabaaa!" Wanakimbia wanaanguka kwa kicheko, halafu wanarudi kuamkiwa tena. Mjukuu wa Mwenyekiti, ambaye bado anajikojolea, na unisamehe Mwenyekiti, aliamkiwa msimu ule mara nyingi kuliko Baba Paroko.

Tulicheka sana. Lakini nyumbani, nikichambua mboga, nikawa nawaza. Mwanangu akiniamkia kuna kitu kinatokea ndani yake. Ananiona, anajua mimi ni nani kwake, na siku akiwa amenikosea, shikamoo yake inatoka nusu, nami naisikia. Shikamoo ya kile kifaa inatoka nzima siku zote. Je, shikamoo isiyoweza kutoka nusu ni shikamoo? Nawauliza ninyi mliosoma.

Na nisiwe mtu wa upande mmoja. Yupo binti kule machimboni, simtaji, alikuwa na maradhi ya siri. Kila akija zahanati anamwambia Nesi kichwa kinamuuma, anapewa vidonge, anarudi vilevile alivyokuja. Siku moja akaachwa peke yake na kifaa, akakimwagia yote, akatibiwa, akapona. Baadaye nilimuuliza, mbona hukutuambia sisi mama zako? Akaniambia, "Mama, kile hakinitazami." Nesi alipoelewa hilo hakununa. Akawa anatoka nje makusudi, eti anakwenda kuanua mashuka, kumbe anampa mtu nafasi. Kwa hiyo msidhani nimekuja kusema kwamba mtu ni mwema na mashine ni mbaya. Kuna aibu ambayo macho ya mtu yanaizidisha, na kifaa kisicho na macho kinaipunguza. Hilo ni jema, lihesabiwe.

Sasa nifike kwa Jenifa wangu.

Jenifa alikuwa na ujauzito wake wa kwanza msimu wa mvua uliopita. Nesi alikuwa ameitwa mafunzoni, Charles yuko uani anapima watoto uzito. Jenifa akakaa mbele ya kifaa. Kichwa kinampasuka, miguu imejaa. Kifaa kikamuuliza, "Unajisikiaje leo?"

"Salama."

"Una tatizo lolote?"

"Hapana, nashukuru."

"Vizuri sana. Endelea kula mboga za majani."

Akarudi nyumbani na ushauri wa matembele.

Wageni mtajiuliza, huyu binti ana akili kweli? Mtu anaumwa anasema salama? Lakini sisi huku ndivyo tulivyolelewa. Ukiulizwa hali unaanza na salama, au mhola kwa lugha yetu, hata kama umetoka kuzika. Unaulizwa nyumbani, salama, watoto, wazima, ng'ombe, wazima, na yote yakishapita ndipo unasema, "Ila." Baada ya ila ndiyo habari yenyewe inakuja. Kumtolea mtu ugonjwa kabla ya salama ni kumtwisha mzigo akiwa bado mlangoni. Jenifa alisema salama, akangoja apewe nafasi ya kusema ila. Haikuja. Kifaa kilishaandika kwamba mama ni mzima, na kwa kweli hakikukosea kuandika, kwa sababu ndivyo alivyosema.

Kesho yake Nesi alikuwa amerudi, tukakutana naye njiani tunakwenda gulioni, mimi nina beseni la nyanya kichwani. Mama Euphrasia ni mzaliwa wa Ngara, si wa huku, lakini ameishi nasi mpaka tabia zetu zimemwingia. Akamshika Jenifa mkono.

"Jeni, hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenzako hajambo?"

"Hajambo."

"Haya."

Akanyamaza. Mkono hakuuachia. Watu wanapita na mbuzi wao, pikipiki zinatupigia honi, yeye amesimama tu kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Mimi nikawa naona anatuchelewesha, nyanya zinapigwa jua. Jenifa akainamisha uso.

"Ila kichwa, mama. Na macho, naona kama cheche zinaruka."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

Nesi akanigeukia. "Mama Jenifa, weka nyanya chini."

Zahanati akampima, presha imepanda mpaka uso wa Nesi ukabadilika. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda mbali na mwingine. Na hapa, Mheshimiwa, nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wakisimulia wanaparuka. Nesi wetu alitaka kumpa dawa, amlaze pale zahanati, amsafirishe kesho gari likirudi. Alikuwa amechoka, barabara ilikuwa imeharibika, na ndivyo mtu yeyote angefikiri. Akakiambia kifaa kila kitu: presha, cheche, uvimbe, umri wa mimba. Kifaa kikasema hiyo ni dalili ya kifafa cha mimba, mama apelekwe hospitali leo.

"Nilitaka nimpumzishe hapa kwanza," Nesi akakiambia, kama anaongea na mwenzake.

"Leo," kikasema. "Asingojee kesho."

Akakitii. Hakuona haya kukitii. Akatoka mbio akasimamisha gari la wachimbaji lililokuwa limebeba matimba, zile nguzo za kuzuia mwamba duarani, na vijana wakayatupa matimba yote kando ya barabara bila kuuliza yatarudije. Nipo nyuma ya gari, kichwa cha Jenifa kiko mapajani mwa Nesi, na Nesi anamwambia, "Usiogope, mwanangu, tunafika." Nikautazama mkono wake. Ulikuwa unatetemeka.

Jenifa alifika, alitibiwa, na mtoto alizaliwa mdogo kama kiganja, na sasa ndiye yule pale, Nestory, anayevuta kitambaa cha meza ya wageni. Jenifa, mshike mwanao.

Nani aliyemwokoa? Nimejiuliza sana swali hilo. Bila kifaa angelazwa pale, na pengine leo ningekuwa naongea mengine, au nisingeongea kabisa. Bila Nesi, kifaa kisingejua kuna kitu cha kuuliza. Naona walimwokoa wote wawili, nami nawashukuru wote wawili, ingawa mmoja wao nikimshukuru hajui kwamba ameshukuriwa.

Mwezi uliofuata alikuja kijana mtaalamu wa kile kifaa, Gelasius, naona umekaa pale nyuma, baba. Tulimweleza habari ya salama na ila. Alisikitika kweli, akaandika, na sasa kifaa kinamuuliza mtu tena na tena, hata usiku ukikiambia salama kinakuuliza una uhakika, mpaka Paskazia anasema kinamshuku kama mama mkwe. Siku ile nilimkaribisha uji, nikamuuliza:

"Mwanangu, hiki kitu kinajua?"

"Kinajua sana, mama. Kimesoma kuliko madaktari wote."

"Kinajua kwamba kinajua?"

Akacheka. "Mama, hapo hata chuo kikuu tunagombana."

"Na Jenifa angekufa, kingekuwaje?"

Akaacha kucheka. Akakaa na kikombe chake, akaniheshimu kwa kunijibu ukweli. "Kisingekuwa chochote, mama. Tungekiingizia taarifa, kingejirekebisha, kisirudie."

"Kujirekebisha ni kuzuri," nikamwambia, na nilimaanisha. Wapo watu wasiojirekebisha mpaka wanaingia kaburini.

Lakini nikamkumbuka Violeth. Wazee mnamkumbuka. Alifia mikononi mwa Nesi huyu huyu, akijifungua, miaka ile bado hatuna umeme. Nesi alikosea au hakukosea, mimi sijui, na mumewe Violeth hakuwahi kumlaumu. Ninachojua ni kwamba siku ya msiba Nesi alikuja akiwa na khanga kichwani, akapewa kiti, akakikataa, akakaa chini kwenye mkeka pamoja nasi, na alipoletewa chakula hakukigusa. Tangu hapo ndipo alipoanza hiyo tabia ya kumshika mtu mkono na kungoja. Hakufundishwa mafunzoni. Ilitoka kwenye ule mkeka.

Basi hapo, kwa akili yangu ya darasa la nne, ndipo ninapoziona hizi akili mbili zinaachana njia. Zote zinakosea, na zote zinajifunza. Akili mnemba inajifunza bila kuumia, ndiyo maana inajifunza haraka na haichoki, na hiyo ni neema. Akili ya kuzaliwa inajifunza kwa kulipia, inabaki na kovu, na lile kovu ndilo linalomfanya mtu asimame juani na nyanya za watu zinaharibika. Kile kifaa nacho kina sauti nzuri ya kusema usiogope. Nimeisikia, inatuliza kweli. Lakini kinachosema hakijawahi kuogopa. Mkono uliotetemeka nyuma ya lile gari ulikuwa na hofu yake wenyewe, ukaiweka kando ili ubebe ya mwanangu. Mimi mtu wa hofu nyingi naijua hofu nikiiona, na siku ile ilinifariji kuliko sauti yoyote, kwa sababu nilijua hatuko peke yetu mle garini.

Mama Euphrasia. Niliandaa maneno mengi ya kukusifu, lakini nikikutazama naona utalia, nami nitalia, na Mgeni Rasmi ana safari. Nikwambie moja tu. Watoto wa kijiji hiki, uliowapokea wewe na sasa wana ndevu, wamesimama kule nyuma ya hema kwa sababu viti havikutosha, na hakuna aliyeondoka. Wabeja, mama. Asante, wabeja sana.

Sasa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nimalizie kwa lile lililonisimamisha.

Wapo akina mama hapa wanaotarajia. Mmoja yuko nyumbani kwangu, simtaji, macho ya watu ni mengi. Jumatatu asubuhi watafika zahanati. Kifaa watakikuta. Je, na mtu watamkuta? Tunaambiwa wakunga ni wachache, tunaamini. Tunaambiwa pia wakipangiwa huku wanakataa, wanabaki mjini, kwa sababu hapana pa kulala. Hilo nalo tunaliamini, maana Nesi wetu ameishi miaka yote kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka la Mabula, akisikiliza redio ya Mabula atake asitake.

Kwa hiyo tangu Noeli akina mama wa Busalanda tumekuwa tukifyatua tofali. Wachimbaji wakatuletea mchanga na mawe ya msingi kwa magari yao. Waislamu, Wakristo, wenye mji na wa kupita, wote walishika jembe. Nyumba imesimama nyuma ya zahanati, vyumba viwili, bati, na choo. Tuliijenga iwe zawadi ya Nesi. Juzi tulipompeleka kuiona alizunguka, akagusa dirisha, akatuambia, "Mnanipa nyumba siku ya kuondoka? Hii ni ya atakayekuja."

"Na asipokuja mtu?" nikamuuliza.

Akafunga mlango, akanipa ufunguo.

Mheshimiwa, kifaa mnachokizindua leo hakiihitaji nyumba ile. Kinalala palepale mezani, kwenye waya wa umeme wa jua, na asubuhi kimeamka. Hatuwezi kukijengea kitu kikafurahi. Akili iliyozaliwa ndiyo inayochoka. Inataka kitanda, inataka maji ya kuoga, inataka jirani wa kuletewa mboga na kugombana naye kidogo. Tukawaza, kama tofauti ni hiyo, basi tuijengee.

Ufunguo ndio huu. Sikuombi unijibu hapa mbele ya watu, nisije nikakutia katika ahadi ya kipaza sauti. Nakuomba uupokee kwa mkono wako. Ukimpata mkunga, hata awe kijana aliyemaliza chuo jana na anaogopa kama mimi, mpe, mwambie tunamngoja. Na ukikosa, usitutumie barua wala usimtume mtu. Uulete mwenyewe, usimame hapa niliposimama, uturudishie.

Naomba nishuke nije hapo mezani nikukabidhi. Asanteni nyote kwa kunisikiliza.